Nachingwea ina uwanja, rubani atoke wapi?

Usiku wa Oktoba 19, 1986, ndege aina ya Tupolev 134 iliyokuwa ikimrudisha Rais Samora Machel Maputo kutoka Mbala, Zambia, iligonga vilima vya Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji. Samora alifariki pamoja na wenzake zaidi ya 30. Maputo ililia, Dar es Salaam ikalia, na Nachingwea ikawa na kilio chake yenyewe, kwa kuwa huko ndiko alikowafunza wapiganaji wa FRELIMO miaka ya vita, katika kambi ya Farm 17, na kutoka kusini hiyo hiyo ya Tanzania ndiko alikovuka Ruvuma mwaka 1975 kwenda kuupokea uhuru wa nchi yake.

Walioirusha ndege ile walikuwa marubani kutoka Umoja wa Kisovieti. Msumbiji ilikuwa na miaka 11 tu ya uhuru, na vita havikuipa nafasi ya kulea marubani wake wa kutosha, kwa hiyo rais wake akawa mikononi mwa wageni kila alipopanda angani. Tume iliyoundwa na serikali ya makaburu chini ya Jaji Cecil Margo ilitoa taarifa mwaka 1987 ikawatwika marubani lawama: walishuka gizani bila kuuona uwanja, na chombo cha ndani ya ndege kilipowaonya kwamba ardhi imekaribia, hawakupandisha. Wasovieti walikataa. Walisema ndege ilivutwa nje ya njia na mnara wa uongo wa kuongozea ndege. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliirudia habari hiyo miaka ya 1990 ikaacha maswali mezani. Sisi huku tumebaki na mjadala wa makaburu na mnara. Marubani wenyewe hatuwajui kwa jina wala kwa sura.

Naanzia Mbuzini kwa sababu mambo mawili yanayowakosesha usingizi marubani wa Tanzania leo yalikuwamo yote katika ajali ile: nani amekaa kwenye kiti cha rubani, na nani atamsemea siku mambo yakiharibika. La kwanza wanaliita ushindani wa wageni. La pili ni sura ya kazi yao mbele ya watu. Huzungumzwa kama mambo mawili, kila moja na kikao chake. Nionavyo mimi, ni jambo moja. Watu hawamtetei mtu wasiyemjua, na sehemu kubwa ya nchi hii haijapata kumjua rubani kwa sababu hajatoka nyumbani kwao. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni mahali pazuri pa kulipima neno hili, maana ndege zilifika huko zamani mno.

Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa ndege ukitafuta pa kulima karanga. Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, na uwanja wa ndege ukatengenezwa ili mabwana wa mradi wasitegemee barabara ambazo masika huzimeza. Januari 1951 mradi ulitangazwa kufa, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Reli ilikuja kung'olewa. Uwanja ulibaki.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kuruka mwaka 1946 kwa vindege vya mbao na turubai vya Dragon Rapide, liliiweka Nachingwea katika orodha ya vituo vyake. Marubani walikuwa Wazungu. Mwenyeji aliikaribia ndege kama mbeba mizigo au mfyeka majani ya uwanja, na hata uhuru ulipokuja ilichukua miaka kabla Waafrika hawajaanza kuonekana kwenye vyumba vya marubani. Ndipo mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa bado hai, kikafunguliwa chuo cha usafiri wa anga pale Soroti, Uganda. Vijana wa Kitanzania, Kikenya na Kiganda walikaa darasa moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na shirika lake la ndege likafa nayo, Tanzania iliunda Shirika la Ndege la Tanzania, ATC, Machi mwaka huo huo, na vijana wale ndio waliolibeba shirika hilo.

Kizazi hicho kilikuwa na heshima yake. Februari 1982 ndege ya ATC iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Ndege ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza, na abiria wakatoka salama. Wakati huo rubani wa Tanzania alikuwa mtu wa kutajwa nyumbani kwa fahari, kama daktari bingwa au kamanda wa jeshi. Kwa nini fahari hiyo imepungua?

Sehemu ya jibu ni kwamba shirika lenyewe lilipungua. Mwishoni mwa mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya hisa za ATC kwa ahadi kubwa, na mwaka 2006 ndoa ikavunjika ikiacha hasara. Mwaka 2003 Kenya Airways nayo ikachukua asilimia 49 ya Precision Air, kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania, marehemu Michael Shirima. Kwa miaka kadhaa, maamuzi kuhusu ndege zinazobeba Watanzania, na nani apewe kuzirusha, yalifanyiwa Johannesburg na Nairobi kwa kiasi kikubwa. Novemba 2012 ikaja Fastjet na tiketi zilizoanzia Sh32,000 kabla ya kodi, na watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege wakapanda kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Siwezi kusema lile lilikuwa jambo baya. Abiria alinufaika kweli. Ila kampuni ile nayo ilisimama mwisho wa mwaka 2018, na waliokuwa wakiitegemea wakaanza tena kubisha hodi.

Ufufuo wa Air Tanzania, ndiyo ATC ya zamani, ulioanza Septemba 2016 kwa ndege mbili za Bombardier Q400 ulibadilisha hesabu. Julai 2018 ikaja Boeing 787 Dreamliner ya kwanza, Desemba mwaka huo Airbus A220, kisha ndege ya mizigo mwaka 2023 na Boeing 737 MAX 9. Vifijo vya mapokezi vilikuwa vingi, na vilistahili. Lakini kila aina mpya ya ndege huja na swali ambalo kwenye mapokezi halisemwi: nani ana saa za kutosha kwenye aina hii? Kampuni ya bima na msimamizi wa usalama hawamkubali kapteni asiye na uzoefu wa ndege husika. Kwa hiyo mgeni huitwa aanze, na mzawa akae pembeni yake ajifunze. Huo ni utaratibu wa dunia nzima na hauna ubaya. Ubaya huja pale ambapo tarehe ya kukabidhiana haikuandikwa popote. Mgeni huongezewa mkataba mwaka baada ya mwaka, na mzawa anazeeka kwenye kiti cha kulia.

Kwenye ndege ndogo hali ni tofauti, na huko ndiko manung'uniko yanakowaka zaidi. Kijana wa Ulaya au Afrika Kusini aliyemaliza shule ya urubani ana leseni ya biashara na saa 200 hivi za kuruka. Kwao hapati kazi kwa saa hizo. Leseni ya kapteni wa ndege kubwa inataka saa 1,500. Basi anakuja Afrika, Maun huko Botswana au viwanja vyetu vya mbugani, kurusha Cessna Caravan akikusanya saa. Wengine wako tayari kulipwa kidogo, mradi kitabu cha saa kijae. Akishafikisha, anarudi kwao au anakwenda Ghuba kwenye mashirika makubwa. Mtanzania mwenye leseni ile ile na saa zile zile anaomba nafasi ile ile, anaambiwa hana uzoefu. Bila kazi hapati saa, na bila saa hapati kazi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aoneshe kwamba hakumpata Mtanzania mwenye sifa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Kwenye karatasi tumelindwa. Ila sifa ni saa, na saa hutolewa na mwajiri yule yule anayesema amekosa mwenye sifa.

Watu wengi hawajui kazi hii ya ndege ndogo inafanana na nini, na nadhani kutojua huko ndiko kunakowafanya wadhani rubani ni mtu wa miwani myeusi na hoteli nzuri. Chukua Caravan inayotua kwenye kiwanja cha udongo kusini, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere upande wa Liwale. Ina injini moja, inabeba watu wapatao 12, na mara nyingi rubani yuko peke yake. Asubuhi kabla abiria hawajafika huzunguka ndege yote kwa miguu. Hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila bawa kwenye kikombe cha plastiki angavu, akakiinua kwenye mwanga kuangalia kama kuna maji au takataka. Hupitisha kiganja kwenye makali ya pangaboi akitafuta alama ya kokoto, maana kokoto moja iliyorushwa na tairi inaweza kuchimba chuma, na chuma kilichochimbika hupasuka angani. Huangalia oili na matairi, akachungulia tundu za injini kama ndege wa porini hawajajenga kiota usiku.

Kisha huja mizani. Kila begi hupimwa, na abiria huulizwa uzito wao, jambo ambalo wengine hulichukulia kama utovu wa adabu. Rubani hufanya hesabu kwa kalamu: joto la siku, urefu wa uwanja, upepo unatoka wapi, udongo umekauka au umelowa. Saa saba mchana, jua la Oktoba likiwa limeichemsha hewa, ndege ile ile iliyopaa vizuri asubuhi inahitaji uwanja mrefu zaidi. Hapo rubani hulazimika kumwambia mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili kwamba mizigo yake miwili inabaki. Anatukanwa. Mzigo unabaki. Akifika anakokwenda hupita chini juu ya uwanja mara moja kufukuza mbuzi au swala, ndipo huzunguka tena kutua. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Abiria anayeshuka salama hajui chochote kuhusu kikombe kile cha mafuta, na ndivyo inavyotakiwa. Ndiyo maana kazi hii haina shahidi.

Shahidi hupatikana siku ya ajali tu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ikitokea Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia uwanja wa Bukoba, katika mvua. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Siku ile ile mkuu wa mkoa wa Kagera alisema waliweza kuwasiliana na marubani wakiwa ndani ya chumba chao. Baadaye ikajulikana kwamba wote wawili walikuwa miongoni mwa waliofariki. Kesho yake Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, aliongoza kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba. Nchi ilimpokea kwa mikono miwili mvuvi kijana aliyekuwa wa kwanza kufika na kusaidia kuokoa watu, Majaliwa Jackson, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili kila neno jema lililosemwa juu yake.

Marubani wawili walitajwa siku mbili tatu. Kisha mitandao ikaanza kuwahukumu kabla mchunguzi yeyote hajafungua kisanduku cheusi: kwa nini hawakugeuza kwenda Mwanza, kwa nini walilazimisha. Huenda baadhi ya maswali hayo yana majibu yasiyopendeza. Kuyatafuta ni kazi ya wachunguzi, na marubani wenyewe ndio wa kwanza kutaka yajulikane, kwa sababu kila sheria ya usalama wa anga imeandikwa kutokana na ajali iliyochunguzwa kwa haki. Kilichoniuma mimi ni wepesi wa hukumu. Hakuna aliyesema nawajua watu hawa, najua wanavyojiandaa, subirini. Mvuvi tulimjua maana kila mkoa una wavuvi. Marubani hatukuwajua.

Ilitokea hivyo hivyo Nairobi, katika juma hilo hilo. Novemba 5, siku moja kabla ya Bukoba, marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao, KALPA, waligoma. Hoja yao kubwa ilikuwa mfuko wa akiba ya uzeeni, ambao mwajiri alikuwa ameacha kuuchangia tangu janga la Uviko. Maelfu ya abiria walikwama, mahakama ikaamuru warejee kazini, na ndani ya siku chache walirejea. Magazeti na wanasiasa waliwaita walafi: watu wenye mishahara minono wanaizamisha kampuni inayokula kodi. Sitasema mgomo ule ulikuwa wa busara. Kumwacha mgonjwa anayekwenda India kutibiwa akilala kwenye sakafu ya uwanja ni jambo zito. Lakini akiba ya uzeeni ni haki ya mfanyakazi yeyote, awe mwalimu wa shule ya msingi Mnacho au kapteni wa Boeing. Rubani ana sababu ya ziada ya kuihofia kesho. Leseni yake ina uhai wa cheti cha daktari, ambacho hupimwa upya kila mwaka, na kwa wenye umri mkubwa kila miezi sita. Moyo ukionesha kasoro kwenye kipimo, kazi imekwisha siku hiyo, hata kama ana miaka 38 na watoto watatu shuleni. Hoja hii haikusikika Nairobi kwa sababu umma ulikuwa umeshamaliza kuamua rubani ni mtu wa aina gani.

Juu ya yote hayo kuna mashirika ya nje. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian yanachota abiria Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro, kuwapitisha kwenye vituo vyao na kuwasambaza duniani. Kila kiti wanachouza kwenda Guangzhou au Mumbai ni kiti ambacho Air Tanzania inaweza kukikosa, na nyuma yake kuna saa za rubani wa Tanzania zisizorukwa. Soko la pamoja la anga la Afrika lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018 lilianza na nchi 23. Kenya, Rwanda na Ethiopia zilikuwamo, Tanzania haikuwamo. Wapo wanaouita uamuzi huo woga. Binafsi naelewa woga wa mwenye ndege 10 kumfungulia mlango mwenye ndege 100 na zaidi. Lakini mlango uliofungwa nao hugonga pande zote mbili. Januari 15, 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuikatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania kuchukua mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Mawaziri wakapigiana simu, na mara moja zuio likaondolewa kabla halijaanza kutumika. Marubani wa nchi zote mbili walijifunza jinsi ajira zao zinavyoweza kutundikwa kwenye barua ya ofisini kati ya Jumatatu na Jumanne.

Pigo baya zaidi kwa jina la rubani wa Tanzania, kwa maoni yangu, lilitoka Brussels. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaziweka humo kampuni zote zilizosajiliwa Tanzania. Sababu zilizotajwa zilihusu usimamizi: upungufu wa watumishi wenye ujuzi katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukaguzi usiofaa wa urukaji na wa ubora wa ndege. Hakuna palipoandikwa kwamba rubani wa Tanzania hajui kuruka. Lakini mtalii wa Ujerumani anayepanga safari ya kwenda Mafia hasomi kurasa zote hizo. Anasoma neno marufuku, kisha anauliza rubani wa ndege atakayopanda ni wa nchi gani. Mwenye kampuni anayetaka kumtuliza mteja huyo atamweka nani mbele? Hapo sura mbaya ya kazi na ushindani wa wageni vinakutana kwenye kiti kimoja. Mzawa analipa deni la ofisi ambayo hajawahi kuiongoza.

Turudi Nachingwea. Kijana wa huko, au binti wa Ruangwa aliyefaulu fizikia na hesabu, anaingiaje kwenye kazi hii? Kumsomesha rubani nje ya nchi hadi leseni ya biashara hupita Sh100 milioni, na bado hajaanza kujifunza aina maalumu ya ndege kubwa. Mwaka 2018, korosho zilipokosa bei na serikali ikaamua kuzinunua yenyewe, bei ilitangazwa kuwa Sh3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mkulima angepaswa kuuza zaidi ya tani 30, bila kutoa gharama ya dawa, magunia wala kibarua, ili mtoto mmoja apate leseni. Mkulima wa kawaida wa Chama Kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hazioni tani 30 shambani kwake. Matokeo yake yanaeleweka bila mtafiti: urubani hurithiwa na watoto wa mijini wenye wazazi wenye nacho, na wachache waliobahatika kupata ufadhili. Sina kinyongo nao. Lakini kazi inayoingiwa kwa mlango mwembamba hivyo itaonekana na wengi kuwa ya kundi fulani, na siku kundi hilo likilia kwamba wageni wanatunyang'anya kazi, mkulima wa Mbekenyera atasikiliza kilio hicho kama ugomvi wa watu wengine.

Hatua zimeanza. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina mfuko wa mafunzo uliosomesha marubani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, kimekuwa kikijenga shule ya urubani yenye ndege zake. Shule hiyo ikikomaa, gharama ya kwenda Afrika Kusini au Ethiopia itapungua, na fedha za kigeni zitabaki. Tatizo ni kwamba ufadhili wa kitaifa hugombewa na nchi nzima, na wilaya za kusini huingia kwenye mbio hizo zikiwa na maabara haba na walimu wachache wa fizikia.

Kuna mlango mwingine ambao halmashauri za huko zinao mkononi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri ya eneo lake. Ruangwa ni wilaya ya kinywe. Mgodi wa Lindi Jumbo uko huko, na dunia inayotengeneza betri za magari ya umeme inayataka madini hayo. Nachingwea na Liwale zina ushuru wa korosho. Kwa kawaida fedha za aina hii hujenga madarasa, matundu ya vyoo na zahanati, na sitathubutu kusema hayo yaachwe. Nasema kwamba wilaya tatu zikichanga zinaweza kumsomesha rubani mmoja na fundi mmoja wa ndege kila mwaka, kwa mkataba unaomtaka mwanafunzi arudishe sehemu ya gharama akishaajiriwa, ili fedha hizo zimchukue mwingine. Kamishna wa Kazi naye anaweza kudai, kabla ya kumwongezea rubani mgeni kibali, kuona kitabu cha saa cha Mtanzania anayemrithi: amerushwa saa ngapi tangu kibali kilichopita? Swali hilo moja lingefanya kazi kuliko vitisho vyote vya majukwaani, na halimfukuzi mtu.

Mgeni mwenye ujuzi namtaka abaki. Kapteni wa Kihabeshi mwenye saa 12,000 anayemkalisha kijana wetu kiti cha kulia na kumfundisha kukisoma kimbunga kwenye rada ni hazina. Wengi wa makapteni wetu wa leo walifunzwa na wageni wa namna hiyo, nao huwataja kwa upendo. Kinachowaudhi marubani wazawa ni mgeni wa saa 200 anayekuja kujifunzia kwetu huku wa kwetu wa saa 200 akiuza vocha Kariakoo.

Marubani nao wana lao la kufanya. Chama cha wanasheria kina siku zake za kutoa msaada bure, madaktari bingwa hupiga kambi mikoani. Marubani wanaweza kutua Nachingwea Jumamosi moja na Caravan, wakaizungusha ndege ile mbele ya wanafunzi wa sekondari ya Farm 17, wakawakingia mafuta kwenye kikombe na kuwaachia wafanye hesabu ya mizani wenyewe. Mwanafunzi aliyepiga hesabu ile kwa mkono wake hatamsikiliza vivi hivi mtu anayesema rubani hubonyeza vitufe tu.

Kikomo cha umri kwa rubani wa ndege za biashara zenye marubani wawili ni miaka 65. Binti anayemaliza kidato cha sita Ruangwa leo, akisomeshwa na kupata leseni akiwa na miaka 22 au 23, kisha akapewa saa kwenye ndege ndogo, anaweza kuwa kapteni kabla hajafika 35, akabakiwa na miaka 30 ya kuruka na kufundisha wengine. Mabaraza ya madiwani hupitia bajeti kila mwanzo wa mwaka. Mpango wa huduma kwa jamii wa mgodi nao hukubaliwa kila mwaka kwenye meza hiyo hiyo, na kifungu cha mwanafunzi mmoja kinaweza kuingizwa katika kikao kinachofuata.